Dema lenye mwanya: upana gani, na ukae wapi?

Katibu_Kusini:
Salamu wadau. BMU yetu (kikundi cha kusimamia ufuo) huku Kwale imekubaliana kuweka mwanya kwenye madema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, ili samaki kama kipepeo, kangaja wadogo na tafi wachanga watoke wenyewe kabla dema halijavutwa. Madema yetu ni ya mianzi, kimo kama nusu mita, na huyatega kwenye maji ya pima mbili hadi nne (kama mita 4 hadi 7). Naomba vipimo: upana, urefu, mwanya ukae upande gani na utengenezwe kwa kitu gani. Wazee wanauliza pia kama tafi wa kuuza hawatatoroka.

Msuka_Dema:
Upana sentimita 3, urefu 30, na usimame wima. Usiulaze. Kipepeo na kangaja ni bapa, wana kimo kirefu lakini unene mdogo, kwa hiyo hupenya mwanya uliosimama bila kujipinda. Dema likiwa fupi, punguza urefu hadi 25. Upana usiguswe, maana ndio unaochagua nani atoke.

Msiache pengo tupu kati ya mianzi. Mwanzi ukilowa hulegea, na baada ya muda pengo la 3 limekuwa 4 au limebanwa likawa 2. Tengenezeni fremu ya nondo ya milimita 6. Kipimo ni cha ndani: 3 kwa 30 ndani ni 4.2 kwa 31.2 nje. Mafundi wengi wa kuchomelea hupima nje, na hapo unabaki na mwanya wa sentimita 1.8 usiomtoa mtu. Kata nondo ya sentimita 70 kwa kila fremu. Chonga kibao cha unene wa sentimita 3, ukipitishe toka juu hadi chini; kikikwama popote, fremu irudi kwa fundi.

Fungeni fremu mbili, kwenye pembe za nyuma zinazotazamana na mdomo. Samaki aliyenaswa huzunguka akifuata ukuta na kujibana pembeni. Ukiweka katikati ya ukuta, wengi watapita bila kuuona.

Jahazi77:
Kwa nini isiwe 4 kabisa, matumbawe yapumue zaidi?

Mdau_wa_Miamba:
Ndugu Jahazi, kwa 4 tafi na changu wa kuuza nao wanatoka, na mvuvi ataziba mwanya kwa kamba wiki hiyohiyo. Hapo hakuna kilichohifadhiwa. Majaribio yaliyofanywa pwani ya Kenya yalionyesha kwamba dema lenye mwanya hupunguza samaki wasiotakiwa, wanaobaki huwa wakubwa zaidi, na kipato hakianguki. Waambieni wazee ukweli huo pamoja na upande wake wa pili: mkundaji wembamba watapungua.

Jambo moja mwanya hauliwezi. Samaki aitwaye kikande ni mnene, hatoki. Naye ndiye anayekula wale viumbe wa miiba wanaotafuna mwamba. Akiisha, wao huzidi na mwamba unalika hadi kubaki vifusi. Huyo mrudisheni kwa mkono, palepale chomboni, akiwa bado na nguvu. Na msimu wa kaskazi, siku zinazofuata mwezi mpevu, tafi hukusanyika kutaga mayai. Mahali panapojulikana kwa mkusanyiko huo pasitegwe siku hizo, kwa sababu mwanya hauwatoi tafi wazazi.

Katibu_Kusini:
Shukrani sana. Je, dema likipotea?

Msuka_Dema:
Dema lililokatika kamba huendelea kuvua. Aliyekufa ndani huwa chambo cha anayefuata. Mlango wa kutolea samaki ufungwe kwa katani nyembamba isiyotiwa lami, ili ioze na mlango ufunguke wenyewe. Usumba (kamba ya makumbi ya nazi) haufai hapa, unadumu mno kwenye maji ya chumvi. Nailoni ndiyo kabisa. Kagueni katani kila mnapovuta, na ikianza kuchanika badilisheni, la sivyo mlango utafunguka mkiwa bado mnalitumia.

Mdau_wa_Miamba:
Nyongeza kuhusu kutega. Dema likae kwenye mchanga au majani, kando ya mwamba, kamwe si juu ya matumbawe hai. Kusi kikivuma, mawimbi hulisukuma na linasaga kila kilicho chini yake. Uzito uwe mawe ya nchi kavu, yafungwe ndani kwenye sakafu yasibingirike. Kuvunja tumbawe ili kulikandamiza dema au kulificha ni kubomoa nyumba ya samaki unayemtafuta.

Dema liacheni majini usiku mzima. Likivutwa baada ya saa chache, wadogo hawajapata muda wa kuuona mwanya. Likikaa siku nyingi, mkunga na chewa wanaoingia huwala walionaswa. Na mwani wa chambo ufungeni karibu na mdomo, mbali na fremu, usije ukaziba mwanya.