Simbilisi wamehamishiwa banda la nje na wanakataa kula

Mama Neema, Njombe
Habari za leo, ndugu wafugaji. Watoto wangu wanafuga simbilisi (guinea pig) watano, dume mmoja na majike wanne, ambao tangu tuwanunue wamekuwa wakiishi jikoni nyuma ya jiko la kuni, wakilala kwenye boksi na kuokota maganda ya karoti yanayodondoka ninapopika. Jumamosi iliyopita baba yao alimaliza kuwajengea banda uani, la mbao na wavu, lililoinuliwa juu ya nguzo, tukawahamishia humo siku hiyo hiyo. Tangu hapo wamejibana kwenye kona moja, wakinisikia wanatulia tuli, na nyasi ninazowawekea asubuhi nazikuta jioni karibu zote. Baridi ya mwezi huu wa saba nanyi mnaijua. Je, niwarudishe jikoni au niwaache wazoee?

Mzee wa Mabanda, Makete
Shikamoo kwanza kwa baba watoto, maana kuinua banda ni kazi ya mtu anayefikiri. Simbilisi ni mnyama anayeliwa na kila mwenye meno, kwa hiyo akipelekwa mahali pasipo na harufu yake hujificha kabla ya kufikiria chakula. Lirudishe lile boksi lao la jikoni ndani ya banda bila kulisafisha, pamoja na konzi mbili za matandiko ya zamani juu ya maranda mapya. Toboa boksi mlango wa pili, ili dume asimzibie mwenzake njia. Kwa wiki ya kwanza wakae nje kuanzia saa nne asubuhi, jua likishapasha, na kabla ya magharibi uwarudishe ndani wote watano kwa pamoja, kwa sababu ukiwatenganisha unaanza upya. Watakapoanza kulala nje, shusha gunia upande wa upepo, lakini acha nafasi juu ili hewa yenye mkojo itoke.

Mhudumu wa Mifugo, Iringa
Naunga mkono, ila nina swali ambalo halijaulizwa: mbao hizo zimepakwa nini? Mafundi wengi hupaka oili chafu kuzuia mchwa, na simbilisi, ambaye meno yake hayaachi kukua, hutafuna mbao mchana kutwa. Halafu angalieni kinyesi na uzito. Wapimeni kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, na yeyote atakayemaliza siku nzima bila kula wala kunya asisubiriwe azoee, apelekwe kwa daktari, kwa kuwa tumbo lake likisimama huharibika haraka.

Chakula kisibadilike wakati makazi yanabadilika. Wapeni nyasi zile zile walizozoea, na hoho au majani ya sukuma wiki kidogo kwa ajili ya vitamini C, ambayo mwili wao hauwezi kuitengeneza kama usivyoweza wetu. Na kwa kuwa uko Njombe, naomba watoto waambiwe wasikate majani ya miparachichi wala ya viazi mviringo yaliyo karibu na banda. Yote mawili ni sumu kwao.

Mama Furaha, Bukavu
Huku kwetu tunawaita dende, na wengi wetu tunawafuga jikoni kama ulivyokuwa ukifanya, dada. Mimi nilipowatoa nje sikupoteza hata mmoja kwa baridi. Niliwapoteza kwa siafu, usiku mmoja, watoto watatu waliozaliwa juzi yake. Tangu hapo kila mguu wa banda umesimama ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu, na hakuna jani linalogusa ukuta.

Mama Neema, Njombe
Asanteni sana. Ni kweli, fundi alipaka oili chafu, na nilipoingiza kichwa bandani niliisikia mpaka kooni, nikaona aibu kwamba sikuifikiria mapema. Mbao za ndani zimeng'olewa na kuwekwa nyingine zisizopakwa kitu. Za nje ya paa tumeziacha kwa kuwa hawazifikii. Boksi lao nalo limerudi na uchafu wake. Leo ni siku ya nne: jike mkubwa alitoka mchana kweupe, akavuta jani la sukuma wiki hadi mlangoni pa boksi, na wenzake wakalimalizia humo humo ndani. Dume bado anagonganisha meno nikifungua mlango, lakini uzito wake haujapungua.