Mrejesho: Darubini ya kutazamia ndege Msitu wa Kakamega

Wadau, niliuliza kati ya darubini ya macho mawili ya 8x42 na 10x42 ipi inafaa kutazamia ndege Kakamega (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita). Nilichukua 8x42 na nimeridhika kabisa. Asanteni sana.

Aliyenifundisha hesabu ya mwanga ndiye aliyenifungua macho: gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwale wa mwanga unaofika jichoni. 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2. Chini ya miti ile mirefu, asubuhi kabla jua halijapenya, tofauti hiyo unaiona waziwazi. Shorobo mkubwa wa buluu alikuwa akirukaruka matawini, nami nikaona hadi wekundu wa ncha ya mdomo wake wa manjano. Uzuri ulioje! Uwanja wa kuona ni mpana, kwa hiyo ndege akihama tawi humpotezi, na mtetemo wa mkono hausumbui sana.

Ndugu aliyependekeza darubini ya bunduki, nashukuru, ila ile ni ya jicho moja na uwanja wake ni finyu. Isitoshe, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, sitaki maswali ya askari wa wanyamapori.

Kwa heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru, mahali pa wazi penye mwanga tele, ningechagua 10x42.

Wavaa miwani wenzangu, hakikisheni jicho linaweza kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye lenzi ya upande wa jicho, la sivyo kingo za picha zitakatika.