Tupeane uzoefu: migahawa ya hadhi Mji Mkongwe, Zanzibar

mwanashangani

Wakuu, uzi huu ni wa ile migahawa ya kukaa, yenye bei ya kufikiria mara mbili, ndani ya Mji Mkongwe na ile michache ya shamba ambayo mtu anatoka mjini kuifuata. Forodhani na urojo vina uzi wao. Habari za fungate na picha za sahani tuziweke pembeni. Andika kinachomfaa mtu anayelipa pesa yake: aweke nafasi vipi, afike saa ngapi, akae wapi, aagize nini na kipi huharibika.

Naanza. Kinachouzwa ghali mji huu ni paa na jua la jioni, chakula kinakuja nyuma yake. Jua Unguja huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni mwaka mzima: mapema zaidi Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, kuchelewa zaidi Februari. Kwa hiyo meza ya saa 1:00 usiku ni meza ya gizani, hata kama tangazo lina picha ya jua. Ukilitaka, uwe umeshakaa saa 11:30. Adhana ya magharibi ikilia, limekwisha.

La pili, hoteli za Emerson ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Emerson on Hurumzi iko mtaa wa Hurumzi, Emerson Spice iko Tharia, Kiponda. Zote zina mgahawa uitwao Tea House juu ya paa. Ukimwambia dereva "Emerson" tu, jiandae kupanda ngazi za nyumba ambayo jina lako halimo kwenye daftari. Taja jina zima wakati wa kuweka nafasi na wakati wa kuelekeza.

nazi_mbata

Niongezee hapo kwenye ngazi. Paa hizo mbili hazina lifti. Ni ngazi za mbao za nyumba za kale, za wima, daraja fupi na nyembamba, ghorofa baada ya ghorofa. Mzee mwenye magoti mabovu atapanda kwa shida, na kushuka usiku ndiyo kazi hasa.

Hurumzi unavua viatu na kukaa chini kwenye mazulia na mito, meza ziko chini. Sketi fupi au suruali ya kubana itakutesa saa mbili nzima. Kama kuna mtu hawezi kukaa chini, lisemwe siku ya kuweka nafasi, si mkiwa mmeshafika juu. Spice ni viti na meza, menyu ni ya kuonja, vyakula vidogo vidogo vinafuatana, vingi vya baharini. Mchana ule kidogo.

Gari haifiki mlangoni kote kuwili. Unashuka Forodhani au Darajani, unamalizia kwa miguu kwenye vichochoro. Kisigino kirefu kwenye mawe yale hapana. Na dada zangu, mtandio wa mabegani kwa ajili ya njiani, mji ni wa Waislamu. Ukifika mezani vaa upendavyo.

Mwenye mzee aende hoteli za Shangani: Park Hyatt, ile iliyofunguliwa 2015 kwenye jengo la Mambo Msiige, au Serena kwenye jengo la zamani la simu za kimataifa. Zote zina sehemu ya kukaa ghorofa ya chini ukiitazama bahari upande wa magharibi, bila kupanda paa.

jiko_la_makaa

Watu wanabishana kuhusu paa, mimi nitasema ya sahani, maana humo ndimo pesa inamopotea.

Kambakoche. Mara nyingi anauzwa kwa uzito. Maswali ni mawili: bei ni ya kilo au ya gramu 100, na uzito ni wa mbichi mzima au wa nyama? Nyama ya mkia ni kama theluthi moja ya mnyama mzima, kwa hiyo kambakoche wa gramu 600 anakupa gramu 200 hivi za kula. Mwambie mhudumu amlete umuone kabla hajaingia jikoni. Aliye hai anakunja mkia chini kwa nguvu ukimwinua. Aliyekufa zamani kabla ya kupikwa nyama yake hugeuka kama uji, maana majimaji ya kichwani huanza kuila nyama ya mkia. Hilo halifichwi na siagi wala kitunguu saumu. Ukiona ana mayai chini ya mkia, mkatae.

Namna ya kumpika: apasuliwe katikati, achomwe ganda likiwa chini, atolewe nyama inapokuwa nyeupe huku bado inang'aa. Ikiwa kavu na inarudi kama mpira ukiuma, ameachwa motoni muda mrefu. Hili ndilo kosa la kawaida kwenye sahani za mchanganyiko, maana kambakoche, ngisi, kamba na samaki vina muda tofauti na jiko lenye wageni wengi huvitia pamoja. Ngisi anataka dakika mbili tatu au nusu saa na zaidi. Katikati ya hapo ni raba. Kwa hiyo sahani ya mchanganyiko ina sura nzuri mezani, ila agiza kitu kimoja na watakipika vizuri zaidi.

Pweza wa nazi ndiye kipimo changu cha jiko lolote la pwani. Pweza wa kilo moja na nusu anachemka taratibu kwa maji yake mwenyewe karibu saa nzima, mpaka kisu kipite kwenye mguu mnene bila kusukumwa. Tui zito linatiwa mwisho, moto mdogo, huku unakoroga. Likichemka kwa nguvu linakatika: utaona vijipunje vyeupe na mafuta yameelea pembeni. Mgahawa unaokuletea tui lililokatika kwa bei ile, usirudi.

Jodari: sema "juu tu, ndani mbichi" kama ndivyo utakavyo. Usiposema, majiko mengi yatamkausha kwa kudhani mteja ataogopa.

mwanashangani

@jiko_la_makaa ahsante mkuu, kwenye sahani ya mchanganyiko umesema kweli. Sasa twende The Rock, ule mgahawa wa juu ya jiwe, maana huulizwa kila wiki.

pingwe_kaskazi

The Rock iko Michamvi Pingwe, upande wa mashariki, juu ya jiwe baharini. Kutoka mjini kupitia Jozani weka saa moja na robo mpaka moja na nusu. Jozani kuna matuta na kima punju wanaovuka barabara, usimhimize dereva. Meza ni chache na watu wanaingia kwa zamu. Bila nafasi iliyothibitishwa utaishia kupiga picha mchangani.

Wengi hawajui kwamba saa ya kuweka nafasi ndiyo inaamua utaona nini. Maji yakitoka unatembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi. Yakijaa unavushwa kwa mashua. Ukitaka ile picha ya mgahawa uliozungukwa na maji, tazama mwezi. Bamvu, yaani maji kujaa na kutoka kupita kawaida, huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani tarehe 1 mpaka 3 na 14 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu, na siku hizo maji hujaa karibu saa 10 alasiri na kutoka karibu saa 4 asubuhi. Kwa hiyo mtu wa chakula cha mchana saa 7 huingia kwa miguu au maji ya magotini, na anatoka kwa mashua. Kila siku inayofuata saa zinasogea kama dakika 50. Maji mafu, tarehe 7 mpaka 9 na 21 mpaka 24, mambo hugeuka: maji hutoka alasiri, ila hayatoki sana wala hayajai sana, na picha inakuwa ya kawaida tu.

Vaa kitu cha kukunjwa, viatu viwe vya kushika mkononi. Chini kuna mawe na urumbu, yaani wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba, usitembee peku bila kutazama.

Na msidanganyane kuhusu jua. Pale ni mashariki, jua halizami baharini. Ukitaka magharibi baada ya chakula, vuka rasi uende Michamvi Kae, dakika chache kwa gari, ndiko linakozama juu ya maji ya ghuba ya Chwaka.

Juni mpaka Agosti kusi linavuma kweli upande ule. Meza za nje zinapigwa na upepo, vitambaa vinaruka, na ngalawa nyingi hazitoki. Uliza nini kimevuliwa leo, usiagize kwa menyu.

mtu_wa_hesabu

Bili. Ukiona alama mbili za kujumlisha mbele ya bei, huduma na kodi bado. Kwa mfano sahani ya 80,000: huduma asilimia 10 ni 8,000, inakuwa 88,000. VAT, tukisema ni asilimia 15 juu ya hapo, ni 13,200. Utalipa 101,200 kabla hujanywa maji. Uliza kabla ya kukaa: "Bei hii ni ya mwisho?" Ukishalipa huduma kwenye bili, bakshishi ni hiari yako.

Kadi: sehemu nyingi huongeza asilimia kadhaa. Waulize ni ngapi. Mtanzania au mkaazi aulize bei ya mkaazi akiwa na kitambulisho mfukoni. Haipo kila mahali, lakini haitajwi mpaka uulize.

bintikiponda

Jamani mnalipa laki kwa mito na mazulia. Biriani ya kweli ya mji huu haiko juu ya paa lolote, iko kwenye nyumba za watu na kwenye harusi. Lukmaan pale Mkunazini unakula ukashiba kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

nazi_mbata

@bintikiponda bibie, hakuna anayekataa. Lakini anayetaka paa hajafuata biriani. Kwenye menyu za kuonja biriani hata usiitarajie.

jiko_la_makaa

Nakubaliana naye nusu. Sehemu za hadhi zikijaribu biriani au pilau zinapunguza viungo kwa kumwogopa mgeni, inatoka wali wa rangi. Kule agiza bahari, wali kale mtaani.

kitongoji

Wakuu, nataka kuleta familia Aprili, mtoto ana miaka minne. Na Ramadhani inakuwaje?

mwanashangani

@kitongoji Aprili na Mei ni masika. Paa hupoteza raha yote, na baadhi ya sehemu hufunga kabisa kwa matengenezo. Piga simu, usitegemee mtandao. Uliza pia mvua ikinyesha meza yako inahamia wapi. Wakijibu "tutaona," tafuta pengine.

Ramadhani mchana sehemu nyingi za mjini zimefungwa, za hotelini zinahudumia ndani. Jioni ziko wazi, ila wahudumu wanafuturu magharibi, kwa hiyo agiza kabla au subiri nusu saa bila kununa. Februari kukiwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara, paa zote zinajaa mapema.

Mtoto wa miaka minne na menyu ya saa mbili na nusu haviendani. Paa zenyewe zina kingo za kumtazama kila dakika. Mpeleke Shangani, agiza sahani moja moja, saa 11 jioni kabla hajasinzia. Mwenye mzio wa karanga au kamba aseme siku ya kuweka nafasi, maana jiko la menyu ya kuonja hununua asubuhi na jioni hakuna cha kubadilisha.