Mgonjwa hajiwezi mnampa ruhusa, anayekwenda kumuuguza hamjamfundisha chochote!

Wakuu, hili limepitiliza. Mtu amepata kiharusi, upande mmoja umepooza, anapewa ruhusa. Ndugu anakabidhiwa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Wodini wauguzi walikuwa wakipokezana zamu. Nyumbani ni mtu mmoja usiku na mchana, bila malipo, na hakuna aliyemwonyesha hata namna ya kumgeuza mgonjwa.

"Uwe unamgeuza" si maelekezo! Mwambieni: kila baada ya saa 2, alazwe ubavu kwa kuinamishwa kama nyuzi 30, mto mgongoni, mwingine kati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kila anapogeuzwa zikaguliwe sehemu za mifupa: juu ya makalio, nyonga, visigino. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo ishikwe. Pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, kidonda kimeshaanza, na mgonjwa asilalie tena hapo. Wala pasichuliwe! Watu wanachua kwa mafuta wakidhani wanasaidia, kumbe wanazidi kuumiza nyama iliyokosa damu.

Mkono uliopooza hauvutwi, bega linateguka. Avutwe kwa shuka lililotandikwa chini yake, watu wawili, mmoja kila upande.

Anayelishwa kwa mpira je? Kichwa na kifua viinuliwe nyuzi 30 hadi 45, akae hivyo angalau nusu saa baada ya kulishwa, la sivyo chakula kinapanda na kuingia mapafuni. Na aliyewekewa mpira wa mkojo, mfuko unaokusanya mkojo huo ukae chini ya usawa wa kibofu. Ukiwekwa kitandani ubavuni mwake, mkojo unarudi na vijidudu vyake.

Haya yote yanafundishika wodini. Muuguzi afanye ndugu akitazama, kisha ndugu afanye muuguzi akitazama. Msituambie hakuna muda, maana mgonjwa huyohuyo akirudi na kidonda kilichofika mfupani mtatumia wiki kadhaa kumtibu, halafu lawama anabeba ndugu.

Na serikali zisijifiche. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 28, unataja msaada kwa familia maskini: mafunzo, ushauri nasaha, fedha, na huduma ya kumpokea anayeuguza ili apumzike. Mmeuridhia, sasa hiyo huduma ya mapumziko inaombwa dirisha gani?

Tunachodai kuanzia sasa: karatasi ya ruhusa iwe na jina la atakayeuguza, na kila kazi aliyofundishwa isainiwe na muuguzi aliyemwona akiifanya kwa mikono yake. Bila saini hizo, mgonjwa asitolewe wodini.