Ushauri: CAT D6R, Komatsu D65 au Shantui SD16 kwa machimbo ya moramu?

Mkandarasi wa Kahama

Ndugu wanajamvi, salaam. Kampuni yetu ni ndogo, imesajiliwa daraja la tano, na kazi zetu nyingi ni barabara za wilaya chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) pamoja na kusafisha mashamba ya watu binafsi wakati wa kiangazi. Mpaka sasa tunakodi buldoza kila tunapofungua machimbo ya moramu (changarawe ya kujengea barabara), na kodi imepanda kiasi kwamba mwenye mtambo anaondoka na faida kuliko sisi tuliosaini mkataba. Tumeamua kununua la kwetu. Bajeti ni shilingi milioni 300, usafiri kutoka Dar es Salaam ukiwa ndani yake, na yaliyo mezani ni matatu: CAT D6R iliyotumika, Komatsu D65EX-12 iliyotumika kutoka Japani, na Shantui SD16 mpya. Tunakadiria saa 900 za kazi kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuchimbua na kusukuma moramu. Naomba kujua ni lipi lenye nguvu, lipi halisumbui, na lipi litatugharimu kidogo kwa miaka mitano. Naomba pia tusijibu kwa ushabiki wa rangi ya njano, maana yote matatu ni ya njano.

Fundi Mnyororo

Mkuu, kabla ya jina lililoandikwa ubavuni, tazama chini, yaani sehemu zote zinazoubeba mtambo na kuutembeza. Katika tingatinga la aina yoyote, mnyororo, rola (magurudumu madogo yanayobeba mtambo juu ya mnyororo), aidla (gurudumu la mbele linaloongoza mnyororo) na sproketi (gurudumu lenye meno linalouzungusha) hula karibu nusu ya fedha yote ya matengenezo, na moramu yenye kokoto za kwatzi husaga chuma kuliko udongo wa kawaida. Nimeona D6R yenye injini safi kabisa ikisimama kwa sababu mwenyewe alinunua kwa kusikiliza mlio wa injini tu, kisha akaletewa hesabu ya mnyororo mpya wa pande zote mbili, rola zote na sproketi, akakaa chini.

Uhai wa chini unategemea sana opereta. Anayerudi nyuma kwa gia ya mwendo kasi anamaliza bushi (mirija ya chuma inayozunguka pini za mnyororo) upesi, kwa sababu katika kurudi nyuma ndipo bushi husuguana na meno ya sproketi chini ya mzigo. Anayekaza mnyororo mpaka ukakakamaa, akidhani kwamba kulegea ni ubovu, anamaliza kila kitu kwa pamoja. Kitabu cha mtambo hutaja kiasi cha kulegea, nacho hupimwa mtambo ukiwa na tope la eneo la kazi, usiwe umetoka kuoshwa. Viatu vya mnyororo navyo visiwe vipana kuliko inavyohitajika. Vipana ni vya matope. Juu ya mwamba vinapinda na kulegeza bolti. Na bushi zikilika upande mmoja, zigeuzwe pamoja na pini zake mapema kabla hazijatoboka, na hapo unaongeza uhai wa mnyororo bila kununua mpya.

Opereta Mstaafu

Nitazungumzia nguvu, kwa sababu wengi hulinganisha uzito na farasi wa injini, wakaishia hapo. D65EX-12 na D6R zina uzito unaokaribia tani 20, SD16 ina tani 17 na nguvu farasi 160. Tofauti kubwa inaonekana wakati wa kukata kona bladi ikiwa imejaa. Mfumo wa usukani wa D65EX-12 unaacha minyororo yote miwili ikivuta wakati wa kugeuka, na D6R nyingi zina usukani wa namna hiyo hiyo, ingawa zipo zilizotoka kiwandani na klachi za kugeuzia, kwa hiyo ukague iliyo mbele yako. SD16 hugeuka kwa kuachia klachi ya upande mmoja na kuufunga breki, kwa hiyo upande ule hauvuti. Ukisukuma moramu katika machimbo yaliyobana, utalazimika kumwaga sehemu ya mzigo ili ugeuke, na jioni jumla ya tipa zilizojazwa inaonyesha tofauti hiyo. Kwenye shamba tambarare, ambako unasukuma mstari mrefu ulionyooka, hutaiona sana.

Mwenye Shantui, Singida

Naheshimu maoni ya mzee, lakini SD16 haikuzuka kutoka hewani. Shantui, ambayo iko Jining katika jimbo la Shandong, ilianza kwa teknolojia ya Komatsu, na SD16 ina asili katika D65 ya zamani kama vile SD22 ilivyo na asili katika D85. Ndiyo maana fundi aliyezoea Komatsu za miaka hiyo haishangai akiifungua. Haina kompyuta za kusumbua, spea zake ni nafuu, na mtambo mpya una faida moja ambayo hesabu za mtumba huisahau: unajua saa zake zote kwa sababu umezianza wewe. Yangu imeshapita matengenezo ya kawaida, mipira ya hidroliki na pampu moja ya maji. Ubaya wake ni bei ya kuuza, inayoshuka haraka. D6R ukiitangaza leo, simu zitaanza kuita kabla ya jioni.

Mkandarasi wa Kahama

Nashukuru sana. Kuna dalali ameniletea mawili mengine: CAT D8R, na D6 ya toleo jipya kutoka Ulaya, zote ndani ya bajeti. Je, nizifikirie?

Mhasibu wa Mitambo

D8R iache. Ni mtambo mzuri wa machimbo makubwa, lakini una takriban tani 38, na ukiupandisha kwenye lobedi (trela la chini la kubebea mitambo) yenye kichwa chake utavuka kikomo cha Afrika Mashariki cha tani 56. Maana yake ni kuomba kibali cha mzigo usio wa kawaida kila unapohama, na wewe kazi yako ni ya kuhamahama kati ya vijiji.

Hiyo ya Ulaya nayo inahitaji uangalifu. Mitambo ya kizazi cha karibuni yenye vichujio vya moshi ilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni 50. Mafuta ya madumu huku vijijini sitaki hata kuyazungumzia.

Sasa hesabu. Kwa saa 900 kwa mwaka, tofauti ya lita tatu za dizeli kwa saa ni lita 2,700 kwa mwaka, yaani lita 13,500 kwa miaka mitano. Iandike pembeni, kisha uandike bei ya kununua ukitoa bei unayotarajia kuuzia, halafu mnyororo mmoja kamili ndani ya kipindi hicho. Mwisho weka kile ambacho wengi hawakiandiki: siku ambazo buldoza limesimama huku tipa na kipakiaji vikiwa vimeegeshwa na mkataba ukihesabu siku. Kwa hili CAT na Komatsu zina mawakala wenye karakana nchini, na injini ya 3306 iliyomo katika D6R za mwanzo inafahamika na mafundi wengi wa Kanda ya Ziwa. Kwa hesabu yangu, D6R ya 3306 yenye chini nzuri inaongoza, D65 inafuata kwa karibu, na SD16 ni ya kwako endapo hutapata ya mtumba inayopita ukaguzi.

Kwa kodi ya mapato, mitambo ya ujenzi iko daraja la kwanza la uchakavu, yaani unaruhusiwa kupunguza asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, kwa hiyo risiti zako ziwe safi.

Mkandarasi wa Kahama

Nimeelewa. Kuna D6R ya 3306 yadi moja Dar es Salaam, nitaifuata wiki ijayo. Nikifika nipime nini, ikizingatiwa kwamba mita ya saa huchezewa?

Fundi Mnyororo

Mita iache kama ilivyo. Beba rula ya chuma. Kaza mnyororo kwa kuweka kipande cha chuma kwenye jino la sproketi na kurudi nyuma taratibu, kisha upime kutoka pini moja hadi ya tano. Nafasi moja, yaani kutoka pini hadi pini inayofuata, ya D6R mpya ni takriban milimita 203, kwa hiyo nafasi nne zitoe takriban 812. Kila milimita inayozidi hapo unaitaja kwenye bei. Baada ya hapo omba mtambo utembezwe nusu saa, ushuke, uguse ncha za pini moja baada ya nyingine kwa mgongo wa kiganja. Inayochoma kuliko jirani zake imemwaga mafuta ya ndani na inasuguana kavu. Ikiwa moja au mbili, unaweza kuvumilia. Zikiwa nyingi, uliza bei upya. Chujio la mafuta ya injini likatwe mbele yako uone kama lina chembe za chuma, na bladi iachwe juu injini ikiwa imezimwa wakati mnajadiliana, uone kama inashuka yenyewe.