Muuguzi wa zahanati: tanki au bahasha? Naomba ushauri

Wakuu, kamati ya zahanati kijijini huku Chamwino inataka kumshukuru muuguzi. Wengi wanataka bahasha ya pesa. Mimi naona bora tanki la kuvuna maji ya mvua nyumbani kwake. Bati la nyumba ya mtumishi ni mita 60 za mraba: mvua ya milimita 100, ukitoa asilimia 20 ya upotevu, inaleta lita 4,800. Kwa lita 40 kwa siku, kiangazi cha Mei hadi Novemba zinahitajika kama lita 8,500, hivyo tanki la 5,000 litakauka mwanzoni mwa Septemba. Tufunge la 10,000, au mawili ya 5,000? Msingi je, zege au mawe? (Udongo ukititia, tanki hupasuka chini.) Na barua ya pongezi iingie kwenye faili lake: ipitie kwa mtendaji wa kijiji, au moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya?