Ushauri: Nibadilishe boksi la filta ya hewa kwenye Impreza WRX STI, au niliache la kiwandani? (Arusha)

KijanaWaSakina

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijatoa hela.

Nina Impreza WRX STI ya mwaka 2005 iliyotoka Japan, injini EJ207 ya lita mbili yenye turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini), gia za mkono. Injini iko vizuri, hailambi oili, haitoi moshi, na kila kitu bado ni cha kiwandani. Nalipenda sana hili gari na nataka lidumu. Ninachotaka kuboresha ni upande wa kuvuta hewa. Kuna mtu anauza boksi la filta la kaboni, kubwa kuliko langu, pamoja na mrija wake mpana. Anadai nitaongeza nguvu za farasi 20 kwa kufunga tu, bila kugusa kontroli boksi (kompyuta ya injini). Fundi mwingine kaniambia nisihangaike na boksi lolote, nitoe lote nifunge koni, ile filta ya wazi isiyo na boksi, gari litapumua.

Matumizi yangu ni Arusha–Moshi na kurudi karibu kila wiki, na mara nyingine naingia njia za vumbi upande wa Oljoro na Ngaramtoni. Nikitoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kuja huku juu nahisi gari linachelewa kidogo kuchanganya, yaani kushika kasi. Je, boksi la kiwandani ndilo linalobana? Na hilo la kaboni litastahimili vumbi letu? Natanguliza shukrani.

MtuWaTurbo

Funga koni mkuu. Ukiachia mafuta unaisikia turbo inavyopumua, raha yake haielezeki. Mimi nimefunga kwenye Forester yangu na ninaifurahia kila nikiwasha.

FundiUngaLtd

Mkuu KijanaWaSakina, tulia kwanza, hela yako usiitoe leo.

Nianze na mrija mpana, maana hapo ndipo watu wanapoua injini. Kwenye gari lako sensa ya hewa imekaa kwenye shingo ya boksi, hapo hewa inapotoka kuelekea turbo. Ile sensa haipimi hewa yote. Ina kiwaya chenye moto kinachopozwa na hewa inayopita katikati ya mrija, halafu kontroli boksi inapiga hesabu ya hewa yote kwa kujua upana wa mrija ule ule wa kiwandani. Ukibadilisha upana, hesabu inaharibika. Tuseme mrija wa zamani ni milimita 70 na mpya ni 76. Eneo la ndani limeongezeka kwa karibu asilimia 18. Hewa ni ile ile ila inapita taratibu zaidi mbele ya sensa, kwa hiyo sensa inasoma pungufu kama asilimia 15. Kontroli boksi inapunguza petroli kwa kiasi hicho hicho.

Ukiwa unatembea polepole, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inasaidia kusahihisha. Ukikanyaga mpaka chini turbo ikijaa, usahihisho huo haupo tena. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, joto linapanda ndani ya silinda, injini inaanza kugonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda. Kumbuka pia kwamba hii injini ilipangiliwa kwa petroli ya premium ya Japan, ambayo kiwango chao kinataka oktani (kipimo cha petroli kustahimili bila kugonga) isiyopungua 96. Ukichanganya petroli ya chini ya hapo na mchanganyiko mkavu, unavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Hapo utanunua injini, si filta.

Kwa hiyo maneno ya "farasi 20 bila kugusa kontroli boksi" yaweke pembeni. Mrija ukibadilika upana pale kwenye sensa, kontroli boksi lazima ipangwe upya na mtu anayeijua Subaru, akiwa na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi. Kama hilo boksi la kaboni lina shingo ya upana ule ule wa kiwandani, hatari hiyo inapungua, na maswali yanabaki mawili: linavuta hewa ya wapi, na filta yake inaziba vipi pembeni.

Koni ya wazi ndani ya boneti inavuta hewa iliyopashwa na rejeta na turbo. Kila nyuzi 3 za joto zikiongezeka, hewa inapungua uzito kwa asilimia 1 hivi. Ukiwa kwenye foleni ya mataa ya Sanawari mchana, ndani ya boneti ni moto kweli, na ukitaka kuchanganya kutoka pale unavuta hewa nyepesi. Intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) itapoza baadhi, haitapoza yote. Na wengi wanadhani lile tundu la juu ya boneti linapeleka hewa kwenye filta. Hapana, lile linapuliza intakula tu.

MtuWaTurbo

Fundi nimekuelewa kuhusu joto. Lakini mimi koni yangu nimeizungushia ukuta wa bati na kuuzibia kwa mpira chini ya boneti, na mrija wa sensa ni ule ule wa mwanzo. Sauti nimepata na injini haijawahi kugonga.

FundiUngaLtd

Hapo sawa kabisa. Ukiijengea koni ukuta wa kuziba pande zote na ukaipa njia ya hewa ya nje, umeshatengeneza boksi. Wengi wanaokuja gereji hawana huo ukuta.

MwalimuWaSoweto

Habari zenu kutoka Moshi. Naomba niongeze kitu kuhusu huo mlima wa KIA, maana nafundisha fizikia na nina Altezza ninayoipenda kama mtoto.

Kaka KijanaWaSakina, Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa huko ni karibu asilimia 15 pungufu kuliko Tanga au Dar. Kwetu Moshi mjini pungufu ni kama asilimia 10. Gari lisilo na turbo kama langu linapoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Lako turbo inafidia, ila inabidi izunguke kasi zaidi ili ifikie mgandamizo ule ule, ndiyo maana inachelewa kidogo kuamka ukipanda kuelekea Tengeru. Hakuna boksi litakaloishusha Arusha ikawa Tanga. Ujue hivyo kabla hujalaumu filta.

Lakini swali lako la msingi, kama boksi linabana, linapimika, na kwa bei ya soda chache. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wanaouza duka la vifaa vya maji. Upinde kama herufi U kwenye kipande cha plaiwudi, mikono yote miwili isimame, kila mmoja uwe na urefu wa nusu mita au zaidi. Jaza maji mpaka katikati, tia rangi ya keki kidogo uyaone vizuri. Fungua mfuniko wa boksi, utoe kabisa kwenye gari, toboa tundu dogo upande wa hewa safi, yaani baada ya filta na kabla ya sensa. Ukimaliza kutoboa futa chembe zote za plastiki, isibaki hata moja, maana njia yake ni kwenye turbo. Weka raba ya kuzibia, unganisha mpira mmoja hapo, mwingine uache wazi ndani ya gari. Katikati ya njia weka chupa tupu iliyozibwa vizuri, ili maji yakivutwa kupita kiasi yaishie kwenye chupa.

Ubao uuweke umetazama nyuma ya gari, mkono mmoja wa mpira kushoto na mwingine kulia. Ukiuweka kwa mbele na nyuma, gari likichanganya maji yatainama yenyewe na kipimo kitakudanganya. Mwenzako akae asome, wewe uendeshe. Tumia gia ya pili, barabara isiyo na watu, kilima cha wastani, kanyaga mpaka mzunguko wa juu halafu achia. Gia ya pili inatosha, usiende ya tatu.

Pima tofauti ya kimo kati ya maji ya kushoto na ya kulia. Kila sentimita 10 za tofauti ni kama kilopaskali 1. Hewa yenu ya Arusha ni kama kilopaskali 85. Kwa hiyo ukipata sentimita 25, boksi na filta kwa pamoja vinakula chini ya asilimia 3. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho boksi lolote duniani, la kaboni au la dhahabu, linaweza kukurudishia.

KijanaWaSakina

Mwalimu, ubarikiwe. Hii nitaifanya wikiendi.

MzeeWaKijenge

Mdogo wangu, jambo moja tu. Kuna mirija inayopeleka filta chini kabisa, nyuma ya bampa, ili ipate hewa ya baridi. Usikubali. Masika yakishika mji huu, maji yanajaa barabarani ndani ya nusu saa. Injini ikimeza maji, maji hayagandamiziki, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda pale pale. Njia ya kuvutia hewa ikae juu, usawa wa taa.

BintiWaNjiro

Naomba kuuliza na mimi, filta ya pamba ya kuoshwa na kupakwa mafuta vipi kwa vumbi la huku? Wanasema unanunua mara moja tu.

FundiUngaLtd

Dada, inategemea mkono wa anayeipaka. Mafuta yakizidi yanavutwa na kuganda kwenye kile kiwaya cha sensa, gari linaanza kusita na taa ya injini inawaka. Mafuta yakiwa haba, vumbi linapita. Vumbi letu la majivu ya volkano ni laini kama unga wa sembe na lina ukali, likipita linasaga ringi na kula mapanga ya turbo. Mimi kwa anayetembea Oljoro nasema karatasi nzuri, ibadilishwe mapema.

Na tuache tabia ya kupeleka filta ya karatasi kwa mjaza upepo ipulizwe na kompresa. Upepo mkali unatanua vitundu vya karatasi. Machoni inaonekana safi, kumbe imeshakuwa chekeche. Ukitaka kujua kama filta yako inafanya kazi, fungua mrija baada ya boksi, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, hata kidogo, kuna mahali panapitisha: ukingo wa filta, kibanio kilichovunjika, au boksi lililopinda. Paka grisi nyembamba kwenye mpira wa ukingo kabla ya kufunga mfuniko.

KijanaWaSakina

Wakuu nimerudi. Tulipima na mdogo wangu barabara ya Kisongo asubuhi na mapema. Filta iliyokuwepo ilitoa tofauti ya sentimita kama 40. Tukaweka filta mpya ya karatasi, ikashuka hadi 25 hivi. Nilipofungua ile ya zamani, ndani ya mikunjo kulikuwa na vumbi jekundu limejaa na ukingo mmoja ulikuwa umeacha alama ya vumbi upande wa pili. Kibanio kimoja cha boksi hakishiki.

Gari limebadilika, nalihisi hata likiwa gia ya tatu kupanda Tengeru. Sasa swali: hizo sentimita 25 zilizobaki ni za filta au za njia ya kuingilia?

MwalimuWaSoweto

Safi sana kaka! Toboa tundu la pili upande wa chini wa boksi, kabla ya filta, upime tena. Utakachopata hapo ni cha njia ya kuingilia pekee. Kitoe kwenye 25, kinachobaki ni cha filta.

FundiUngaLtd

Na kama njia ya kuingilia ndiyo kubwa, tutaifuata kuanzia mwanzo mpaka kwenye boksi, tuone inabanwa wapi, tuipanue bila kugusa shingo ya sensa. Hela ya kaboni iweke kwenye kupanga kontroli boksi kwa petroli ya hapa, hapo utaona faida zaidi. Kibanio njoo nacho gereji, vya mtumba vipo. Na hayo matundu ukimaliza yazibe kwa raba na gundi ya silikoni isiyoharibu sensa ya oksijeni, kopo lake huwa limeandikwa.

KijanaWaSakina

Nimeelewa. Muuzaji wa kaboni nimeshamwambia asinisubiri. Jumamosi nakuletea gari fundi, na Mwalimu nitakutumia kipimo cha tundu la pili nikishapima.